Mwaka Miti ya Mama Feza Ilipopikwa Sombe

Mama Feza amekufa. Habari imenikuta nimekaa barazani kwangu hapa Kasulu, ungo mapajani, nachambua maharage. Mjukuu wangu Neema akaja na simu ya mama yake akanisogezea usoni kama kioo, na ndani yake alikuwemo Feza mwenyewe, binti wa marehemu, amevaa koti nene kama godoro. Wako nchi ya baridi, walipelekwa miaka mingi sasa na wakubwa wa wakimbizi. Akasema, "Mama ametutoka, Felista. Tumemzika jana." Simu haina mahali pa kumshika mtu bega. Akaigeuza ile simu nione njia ya kwenda makaburini, na pande zote mbili za njia imesimama miti mirefu kuliko nyumba, majani mekundu juu, majani mekundu chini kwenye lami, kama mtu amemwaga mawese. Nikayajua hapo hapo. Neema, aliye shuleni, akanieleza kwamba huko sasa baridi inaingia na majani yanakufa ndiyo maana yanakuwa mekundu. Nikamwambia nayajua majani hayo tangu mama yake hajazaliwa, na kama anataka kunifundisha aende kwanza nyuma ya jiko akautazame ule wa kwangu, halafu arudi aniambie ni nani amekufa.

Ule wa kwangu haufiki gotini. Umekaa kwenye bati la mafuta ya msaada lililokatwa kwa urefu na kutobolewa matundu kwa msumari, na hilo ni bati la nne, yale ya mwanzo yaliliwa na kutu. Shina lake limejikunja kama mzee aliyeinama kuokota fimbo, na mtu asiyejua akiuona anadhani ni mti wa mwaka jana uliokosa maji. Una umri mkubwa kuliko mama yake Neema. Wajapani wana kazi hiyo, ya kuulea mti ndani ya chungu ukazeeka bila kurefuka, wanaiita bonsai, na mti wenyewe wanauita momiji. Mimi si Mjapani wala sijafika Dar es Salaam. Shule yangu iliishia darasa la nne, na mambo ya ukoo wangu sitayaeleza hapa, nani alimzaa nani hayaivishi ugali. Nataka kuueleza mwaka mmoja tu, tisini na saba, kwa sababu watoto wangu hunisikia nikisema kwamba mti ule ndio ulionioa na ndio ulioniacha, nao hucheka bila kujua wanacheka nini.

Mwaka huo nilikuwa na miaka kama ishirini na miwili, nimerudi kwa kaka yangu Zabroni pale Makere, nimetoka kwa mume Busunzu, upande wa Kibondo. Mume wangu hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa mama yake. Mtoto hakupatikana, na mwaka wa pili mama mkwe akaninyang'anya kikapu cha mbegu za maharage mbele ya majirani, akasema mkono usiozaa usiguse mbegu, utaliharibu shamba zima. Tangu siku hiyo, msimu wa kupanda ulipofika, mimi nilichimba mashimo na wenzangu wakanifuata nyuma wakitia mbegu na kufukia. Ukitaka kujua aibu, chimba mashimo mwezi mzima halafu ukae pembeni kama mwizi watu wakipanda. Nilivumilia, nikavumilia tena, kisha siku moja nikaliacha jembe limesimama shambani nikadandia lori la chumvi lililokuwa linarudi tupu, nikashuka Kasulu, nikatembea hadi kwa kaka.

Sasa kwetu mke akirudi kwao hajaachwa bado. Watu wa mume wanakuja na mtungi wa lubisi, pombe ya ndizi, wanaketi sebuleni, wanasema maneno yao mazuri. Kaka au baba wa mwanamke akiuweka mrija mdomoni, amekubali, na mwanamke anafunga khanga zake anaondoka nao. Asipokunywa, mtungi unatoka jinsi ulivyoingia na ndoa imekwisha. Hakuna anayemwuliza mwanamke. Kwa hiyo mwaka ule wote maisha yangu yalikuwa kwenye midomo ya Zabroni, na Zabroni alikuwa mtu wa kupenda lubisi.

Nyumba yake ilikuwa na sebule na vyumba viwili, kuta za ndani hazikufika juu, kwa hiyo maneno yalipita kama kuku. Mimi nililala na watoto wake kwenye chumba cha mahindi. Sebuleni kulikuwa na viti vya mbao vyenye vitambaa alivyofuma wifi yangu Yudita, na pembeni madumu ya asali, kwa sababu Zabroni alikuwa mrina asali. Mizinga yake aliitundika msituni kwenye miyombo, mbali, akienda hukaa huko siku nyingi, akirudi nyumba nzima inanuka moshi na nta. Jioni moja, tumeshakula ugali wa muhogo na dagaa, nimejilaza na wale watoto, nikamsikia Yudita ng'ambo ya ukuta akimwambia kwamba wifi si mbaya, ila mtu mzima hawezi kulala na watoto maisha yote, na watu wameanza kuuliza. Nikangoja sauti ya Zabroni ikakawia. Mwisho akasema, "Wakija nitakunywa. Mimi sina nyumba mbili." Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayesema kesho nitarekebisha mlango. Nikageukia ukutani.

Kazi niliipata kwa kuitafuta kwa mdomo wangu. Kambi ya Nyarugusu ilikuwa imejaa Wakongo waliovuka ziwa kukimbia vita, na miti ya kuni ilikuwa inakwisha, basi shirika moja likafungua kitalu cha miche karibu na kijiji na kuwachukua wanawake wa kutia udongo kwenye viriba, vile vifuko vya plastiki vya kuoteshea. Niliwaambia mkono wangu ni mwepesi, nao hawakuniuliza kama umezaa. Hapo ndipo nilipokutana na Mama Feza. Alikuwa mwanamke mnene, wa makamo, anatembea polepole kama mtu anayebeba maji kichwani hata akiwa hana kitu, naye alikuja kutoka kambini kufanya kibarua kama sisi. Siku ya kwanza alinitazama nikishindilia udongo kwenye kiriba, akakitwaa, akakimwaga chote chini. Akasema, "Weye binti, unafanya tofali ao unafanya kitanda? Mizizi iko kama mutoto, inataka kugeuka usiku." Wenzangu wakacheka, mimi nikakasirika hadi mchana. Baadaye nikajaribu alivyosema na miche yangu ikatoka kabla ya ya wengine. Nikamfuata kama mkia.

Kule kwao Bukavu alikuwa amemfanyia kazi miaka mingi daktari mmoja wa Kijapani aliyekuja kuchunguza sokwe wa msituni. Alimpikia, akamfulia, na kwa kuwa yule bwana alikuwa mara nyingi porini, akamtunzia vyungu vyake vya momiji vilivyopangwa kwenye ubao nyuma ya nyumba. Vita vilipokuja Mjapani aliondoka na mkoba mmoja. Mama Feza aliondoka na Feza, sufuria, na vyungu vitatu ndani ya beseni. Watu kwenye mtumbwi walimwambia atupe majani yake ampishe mtu, akawajibu kwamba kila mmoja wao amebeba upumbavu wake, huu ni wa kwake. Vyungu vilivunjika Kigoma, miti ikavuka. Kambini akaipanda kwenye mabati ya mafuta. Mgambo wa getini alimshika kwa majani yale, yana vidole kama bangi, akayasugua, akayanusa, akamwachia kwa hasira ya kukosa kesi.

Alinieleza kwamba miti ile mitatu si ndugu. Kuna aina nyingi za momiji, yule bwana alikuwa na kumi na kitu, na kila moja ina jina lake la Kijapani ambalo yeye hakuliweza, basi akaipa majina ya kwake. Mmoja aliuita Mama, ni wa kijani tu, huo ndio wa mbegu. Ukizipanda mbegu za mti mwekundu, watoto wanatoka kila mmoja na rangi yake, wengi wa kijani, ndiyo maana mti mwekundu haupatikani kwa mbegu, unabebeshwa. Unakata kijiti cha ule mwekundu unakifunga kwenye mguu wa ule wa kijani, vinashikana, na palipoungana panabaki kovu. Wa pili aliuita Asali, majani yake yakichipua yana rangi ya asali ya mwezi wa tano. Wa tatu aliuita Damu. Damu ulikuwa wake yeye mwenyewe, yule bwana alimpa siku Feza alipozaliwa. Sasa taabu ilikuwa hii: kule Bukavu kuna baridi, rangi zilionekana. Hapa kwenye joto la kambi miti yote mitatu ilikuwa ya kijani kilichochoka, ncha zimeungua, na vibao vya majina viliishia ziwani. Mama aliujua, kwa sababu hauna kovu. Lakini Asali na Damu yote ilikuwa na kovu, yote ilikuwa na vidole saba, na Mama Feza, aliyeilea miaka yote ile, hakuweza tena kusema upi ni upi. Hilo lilimuuma kuliko nyumba aliyoiacha. Alisema ni kama kuwasahau watoto sura.

Kambini jua lilipiga kwenye maturubai, mbuzi walipita, na mtoto wa jirani alibandua ganda la shina moja kwa kijiti. Mama Feza akaniomba niiweke miti yake kwetu hadi baridi ya mwezi wa sita ifike. Nilipoingia nayo uani Zabroni alikuwa ameketi ananoa panga. Akaniuliza hiyo nini, nikamwambia miti. Akaacha kunoa. Akanikumbusha, kama vile nilikuwa nimesahau, kwamba mwanamke aliyerudi kwao hapandi mti. Maharage sawa, viazi sawa, vinakwisha na msimu, lakini ukipanda mti kwa kaka yako umesema hapa ni kwangu, na kesho watoto wa kaka watagawana nini. Nikamwambia, "Kaka, mti huu haujagusa udongo wako. Hata udongo wake umekuja nao." Akaangalia yale mabati, akaniangalia mimi, akacheka kwa pua. Nikayapanga nyuma ya jiko kwenye kivuli cha migomba, na kila Jumapili baada ya ibada Mama Feza alikuja kunifundisha: maji yanywewe yaishe kabla ya kutia mengine, tawi likitaka kwenda juu litundikie kijiwe, mizizi minene ikatwe myembamba ibaki, na tawi likichipua chini ya kovu likate mara moja, huyo ni mguu anataka kumnyang'anya kichwa nyumba. Udongo tuliuchekecha, kokoto za moramu ya barabarani na vumbi la mkaa na kidogo cha msituni. Mikono yangu ilinuka mkaa hata kwenye ugali. Hakuna aliyeniambia nisiguse kitu.

Yudita aliuliza mara moja tu hiyo mimea ni ya nini, nami kwa uvivu wa kueleza nikamwambia ni ya Wakongo. Kosa lilianzia hapo. Wakongo sisi tuliwajua kwa sombe, kisamvu kilichotwangwa na kupikwa kwa mawese, wanakila asubuhi na jioni, na kambini hawakuwa na mashamba. Yudita akajumlisha mwenyewe kichwani. Majani yana vidole, shina lina rangi ya udongo, wenyewe hawana shamba wanapanda kwenye mabati. Akahitimisha kwamba ni muhogo wa Kikongo, aina fupi. Na mimi nasema hadi leo, mtu yeyote wa Makere angehitimisha vivyo hivyo.

Watu wa Busunzu walifika mwezi wa sita mwishoni, bila kutuma mtu mbele. Walikuwa watatu, wakiongozwa na Mzee Laurenti, baba mdogo wa mume wangu, mtu wa maneno laini na kofia ya kijani. Mume mwenyewe hakuja, mwanamume haji kujiombea. Mimi nilikuwa kitaluni. Yudita alikuwa peke yake na wageni wa heshima, hana nyama, na kiangazi kile mihogo yetu ilikuwa imepukutisha majani, imebaki vijiti. Alichuma majani yaliyokuwepo, hayakujaza kiganja. Akazunguka nyuma ya jiko. Akachuma mti wa kwanza, wa pili, wa tatu, akausafisha kila mmoja kama kuku, akatwanga, akatia mawese na karanga. Nilipofika nikakuta sebule imejaa, mtungi umesimama katikati umefunikwa jani la mgomba, mirija imeegeshwa, na wageni wanatafuna. Wanatafuna, wanatafuna. Lile sombe lilikuwa haliivi. Mzee Laurenti alikuwa analizungusha mdomoni upande huu na upande huu kwa adabu, akasema kwa kweli mboga ya hapa ina nguvu. Nikapita kwenda jikoni kunawa, nikaona kwenye kinu vikonyo vyembamba ambavyo si vya muhogo. Nikatoka nje nikaiona miti.

Ilikuwa mitupu. Vijiti vitatu kwenye mabati. Mmoja, uliosimama mwisho, Yudita aliuchuma kwa haraka hadi akaondoka na ganda na macho ya kuchipukia ya tawi zima. Nilisimama pale nikasikia ndani Mzee Laurenti ameshafika kwenye maneno yake: kwamba yaliyopita yamepita, kwamba mama mtu ana mdomo lakini hana moyo mbaya, kwamba kuna dawa siku hizi. Kisha akamkaribisha Zabroni mrija. Mimi nililelewa kwamba mwanamke haingii pale. Niliingia na vijiti vya vikonyo mkononi, nikavitupa mbele ya mtungi. Zabroni alikuwa ameshaushika mrija, bado haujafika mdomoni. Nikasema, "Baba Laurenti, nyumba yenu inasema mkono wangu unaua. Nipeni hadi mvua ya kwanza. Miti ile pale nje ikifa, nitakuja Busunzu kwa miguu yangu, msihangaike na mtungi. Ikiishi, msirudi tena."

Mzee Laurenti akainama akaokota kikonyo kimoja, akakitazama, akatazama sahani yake, akaelewa. Akasema taratibu, "Binti, miti hiyo tumeshaila."

Wakacheka wote, hata Zabroni, hata Yudita mlangoni kabla hajajua anacheka nini, alipojua akaufunika uso kwa khanga. Mimi sikucheka, na nadhani ndicho kilichomfanya Zabroni aache. Aliuweka mrija chini. Akasema mwenye nyumba ni yeye, basi yeye ndiye atakayetoa masharti: miti ni mitatu, miwili ikiishi ninabaki, miwili ikifa naondoka. Mvua ya kwanza ikinyesha waje waone. Mzee Laurenti alikubali haraka mno, mti aliouona nje ulikuwa kijiti cha kuchokonolea meno. Mtungi waliubeba wakaenda kuunywa kwa jirani.

Jumapili Mama Feza alikuja. Nilimwambia kila kitu nikiwa nimesimama mbali, tayari kwa lolote. Akapiga magoti akakwangua kila shina kwa ukucha, akaangalia chini ya ganda kama kuna ubichi, akaketi mavumbini. Akaniambia kwamba yule bwana alikuwa akifanya hivyo hivyo kila kiangazi, kwa sababu mti huu umezoea nchi inayolala, na mahali ambapo baridi haitoshi kuuangusha majani mtu lazima auvue nguo kwa mkono ili upumzike, bila hivyo unachoka unakufa umesimama. "Miye nilikuwa nangojea baridi tu nifike na makasi," akasema. "Yeye alikuwa anakata jani anaacha kikonyo, hapana kuvuta. Wifi yako amekosa makasi." Kisha akauliza ni kweli nimejiweka rehani kwa miti yake. Nikamwambia ni kweli. Akatikisa kichwa muda mrefu, akasema huo wa mwisho haniahidi.

Tuliihamisha bondeni, karibu na mto, mahali ambapo asubuhi ukungu unakaa hadi jua liwe juu na maji yanauma vidole. Zabroni alisema nimepata wazimu wa kuwanyima joto wagonjwa. Nilishuka kila alfajiri kabla ya kazi na kila jioni baada yake. Si kwamba kulikuwa na kazi ya kufanya. Mti uliolala haunywi maji mengi, ukimwagilia kwa huruma unauozesha. Kazi ilikuwa kujizuia. Nikikumbuka sasa, nadhani hiyo ndiyo iliyokuwa ngumu, mimi niliyezoea kuchimba tu. Yudita alianza kushuka na mimi. Hakuomba msamaha kwa maneno, alibeba ndoo. Nyumbani akaniachia kipande cha samaki, na siku moja ng'ambo ya ukuta nikamsikia akimwambia mumewe kwamba akiunywa ule mtungi na yeye ataondoka, na huo mrija ndio utakaompikia.

Mwezi wa tisa Mama akachipua, kijani, bila mbwembwe. Huo ulikuwa mmoja. Kisha ule uliochunwa ganda ukatoa vichipukizi vitatu vizito chini karibu na udongo, nikaruka, nikapiga kelele, halafu nikapiga magoti nikaona. Vilikuwa chini ya kovu. Kichwa kilikuwa kimekauka hadi ndani. Kilichoishi ni mguu. Wa tatu ulibaki kijiti. Nilianza kufikiri njia ya Busunzu, nani ana lori, na nikazikunja khanga zangu nikazifungua tena. Ndipo mawingu yalipoanza kukaa upande wa Burundi, na asubuhi moja nikakuta ule wa tatu umepasua macho. Vijani vilikuwa vidogo kama kucha za mtoto, vimekunjwa, na vilikuwa vyekundu, vyekundu kweli kweli, kama ndani ya mdomo. Niliacha ndoo pale pale nikaenda kambini mbio kumwita. Mama Feza alipoviona alivishika kwa mgongo wa kidole. Akasema, "Damu. Iko Damu yangu," kisha akaanza kulia, na mimi sikujua kama anaulilia huu uliopatikana au Asali aliyejulikana baada ya kufa.

Mvua ya kwanza ikanyesha, na Mzee Laurenti hakuchelewa. Alikuja na mtungi mpya na watu walewale. Tuliipandisha miti uani, ikapangwa juu ya benchi, majirani wakaja kama kwenye kesi ya mbuzi. Mama Feza alisimama nyuma na Feza. Mama haukuwa na ubishi. Yudita, mwenye haraka ya kunisaidia, akauonyesha ule wa pili akasema na huu umechipua, tazameni, basi ni miwili, mambo yamekwisha. Mzee Laurenti akainama, akaanza kukubali kwa kichwa. Ningeweza kunyamaza. Nikasema, "Hapana, wifi. Huu umekufa. Kilichochipua si chenyewe." Nikawaonyesha kovu, na juu ya kovu kijiti kikavu, nikakivunja kikalia. Yudita alinitazama kama ningekuwa karibu angenipiga. Nilisema tumewekeana masharti ya kuishi, sikutaka kukaa kwa kaka yangu kwa mguu wa mti mwingine.

Ikabaki Damu. Mzee Laurenti akaushika jani kwa vidole viwili. Akageukia watu akasema kwa ile sauti yake laini kwamba yeye ni mkulima, si mtoto. Jani likiwa zima ni la kijani, na likianza kufa ndipo linapogeuka rangi. Huu ulijaribu, akasema, masikini, lakini tazameni, umetoka na kifo chake usoni. Wiki mbili hauna. Majirani wakaguna kukubali. Hata mimi, niliyejua, nilisikia maneno yale yana uzito. Akamkabidhi Zabroni mrija.

Zabroni aliupokea. Akauzungushazungusha. Alikuwa ametoka msituni siku ile ile, bado ana masizi shingoni. Akauliza, "Mzee, kwenu Busunzu miyombo ipo?" Akajibiwa ipo tele. Akauliza, "Mwezi wa tisa, kabla ya mvua, ikichipua, msitu unakuwa rangi gani?"

Mzee Laurenti akaliachia lile jani. Hakuna mtu wa Buha, nchi hii yetu, asiyejua. Msitu wote unakuwa mwekundu, vilima kwa vilima, kama umeshika moto usio na moshi, na warina asali hufurahi kwa sababu maua yanafuata. Zabroni akasema, "Mimi nimetoka chini ya jani jekundu leo asubuhi. Halikuwa linakufa." Akauvunja mrija katikati, akamrudishia vipande viwili. Kisha, kwa kuwa hakutaka mgeni aondoke bila neno, akaongeza, "Siku mtakayosikia mti huu umekufa, njooni na mtungi. Nitakunywa."

Wakaondoka. Nilibaki pale, na msimu huo huo Zabroni akanikatia kipande upande wa mtoni nipande maharage yangu. Nilipanda kwa mkono huu, yakaota. Miaka iliyofuata nilipata mtu wa kuzaa naye nikazaa, wanne, lakini hiyo ni hadithi nyingine na haina uhusiano na miti. Mama Feza alikuwa ameirudisha miti yake kambini, na alipopata safari ya kwenda ughaibuni alikatazwa kubeba mmea. Alileta Damu mpaka mlangoni kwangu akaniambia hanipi, ananiwekea. Kila mwezi wa sita nauvua majani kwa makasi, naacha vikonyo, naushusha bondeni. Zabroni amezeeka, meno yamekwisha, lakini kila akinitembelea swali lake la kwanza baada ya salamu ni kama haujafa, maana amekaa miaka yote hii na kiu.

Neema alirudi kutoka nyuma ya jiko nikiwa nimeshachambua ungo wa pili. Akasema, "Bibi, na wa kwetu una majani mekundu. Lakini ni madogo, ndiyo yanafunguka." Nikamwambia hivyo ndivyo. Nikamwambia pia jambo ambalo nimewaambia wote, na sasa naliandika ili asije mtu akajifanya hakusikia: nikifa nizikwe hapa Kasulu, na kabla ya kufika makaburini mtu mmoja abaki nyumbani amwagilie lile bati. Ukikauka, watu wa Busunzu wana haki ya kuja na mtungi.